Kuiboresha Kompyuta Mpakato ya Michezo kwa Skrini ya Nje: Hesabu Kabla ya Gharama

Kompyuta mpakato zilizoundwa kwa ajili ya michezo hutofautiana na zile za kawaida kwa jambo moja kubwa: aghalabu ndani yake mna vichakataji viwili vya michoro. Cha kwanza ni kidogo, nacho kimo ndani ya kichakataji kikuu. Cha pili ni kikubwa, kina kumbukumbu yake chenyewe, na ndicho kifanyacho kazi nzito ya kuchora. Mashine hizi hazitumiwi na wapenzi wa michezo peke yao. Wanafunzi wa uhandisi, wachoraji wa majengo na walimu wanaotengeneza vipindi vya video huzitafuta pia, kwa kuwa kichakataji kiwezacho kuchora mashindano ya magari chaweza vilevile kuchora daraja au molekuli.

Baada ya miaka michache mwenye mashine huiona skrini ya inchi 15 kuwa ndogo. Hununua skrini kubwa ya nje, huichomeka, na mara huona kwamba picha zinakwenda kwa kukwama-kwama, hata kishale cha kipanya kinavutika kama kimelowa. Fundi wa kwanza humshauri aongeze kumbukumbu. Wa pili, abadili diski. Wa tatu, auze mashine nzima. Mashauri yote matatu yana gharama, na huenda yote matatu yasiondoe tatizo lililopo.

Katika makala haya tutaifuata njia ya picha tangu inapochorwa hadi inapoonekana kwenye kioo, na tutatafuta kwa hesabu ni mahali gani njia hiyo ni nyembamba. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaziweza.

Tuchukue mfano. Mashine yetu ina kichakataji kikuu cha Intel kiitwacho i7-7700HQ, na kichakataji kikubwa cha michoro cha NVIDIA kiitwacho GTX 1050 Ti. Vyote viwili vilitolewa mwaka 2017, na mashine za namna hii ni za kawaida katika maduka ya kompyuta zilizokwisha kutumika. Ina kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu, ya gigabaiti 8 katika kipande kimoja. Skrini mpya ya nje ina pikseli 3840 kwa upana na 2160 kwa urefu.

Picha moja ina uzito gani?

Pikseli ni nukta moja ya rangi. Skrini iliyozoeleka ina nukta 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Skrini yetu mpya ina 8,294,400, ambazo ni mara nne kamili. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa upana umeongezeka mara mbili, kazi nayo imeongezeka mara mbili. Lakini eneo hukua kwa kipeo cha pili cha urefu, na kichakataji cha michoro hulipia eneo.

Rangi ya kila nukta huelezwa kwa biti 24: nane za nyekundu, nane za kijani, nane za buluu. Ikiwa skrini inachorwa upya mara 60 kila sekunde, basi kebo hupaswa kupitisha 8,294,400 × 24 × 60, yaani biti bilioni 11.94 kila sekunde.

Tuitazame sasa kebo na tundu lake. Kiwango cha HDMI 1.4, kilichotolewa mwaka 2009, hupitisha biti bilioni 10.2 kwa sekunde. Tena si zote zilizo za picha. Katika kila biti 10 zinazosafiri, 8 tu ndizo zibebazo habari. Mbili zilizobaki hutunza mpangilio wa ishara ili upande wa pili usipoteze hesabu. Kwa hiyo zinazobaki kwa picha ni bilioni 8.16. Hitaji letu ni 11.94, kwa hiyo picha haiwezi kupita. Mashine na skrini hupatana zenyewe, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba zitachora mara 30 kwa sekunde badala ya 60, kwa maana hapo hitaji hushuka hadi bilioni 5.97. Kila picha hukaa kwenye kioo kwa milisekunde 33 badala ya 17, na hicho ndicho chanzo cha kile kishale kinachovutika. Kumbukumbu na diski hazihusiki hapa hata kidogo.

Kiwango cha HDMI 2.0 cha mwaka 2013 kilipanua njia hadi bilioni 18, ambazo baada ya kutoa zile mbili katika kila kumi hubaki 14.4. Msomaji mwangalifu atasema kwamba nafasi iliyobaki ni kubwa, maana twahitaji 11.94 tu. Kwa kweli ni ndogo. Ishara ya picha ina vipindi vya kimya kati ya mstari na mstari, na kati ya picha na picha. Ni urithi wa televisheni za zamani za kioo cha mtungi, ambamo mwali wa elektroni ulihitaji muda wa kurudi mwanzo wa mstari. Skrini za leo hazina mwali wowote wa kurudisha, lakini vipindi vile vimebaki, na pamoja navyo hitaji la skrini yetu hufika bilioni 14.26. Njia ya 14.4 yatosha, kwa shida.

Tundu limeunganishwa na nani?

Hapa ndipo penye jambo ambalo maduka mengi hayalielezi. Katika mashine nyingi za mfano wetu, skrini ya mashine yenyewe haikuunganishwa na kichakataji kikubwa cha michoro, bali na kile kidogo cha Intel. Mpango huu NVIDIA iliuanzisha mwaka 2010 kwa jina la Optimus, na shabaha yake ni kuokoa betri: kazi ikiwa nyepesi, kichakataji kikubwa hulala. Kazi ikiwa nzito, kikubwa huchora picha, kisha huinakili katika kumbukumbu ya kazi, na kile kidogo huichukua kutoka humo na kuipeleka kwenye skrini. Kidogo huwa kama tarishi.

Tundu la HDMI laweza kuwa limeunganishwa na tarishi huyu, au moja kwa moja na kichakataji kikubwa. Kwa nje matundu hayo mawili hayatofautiani. Nalo kisanduku cha michoro cha Intel kilichomo katika i7-7700HQ, kiitwacho HD Graphics 630, chenyewe hutoa HDMI ya kiwango cha 1.4 tu, mtengenezaji wa mashine asipoongeza kigeuzi, tundu hilo haliwezi kuzidi mara 30 kwa sekunde katika skrini yetu, hata ukinunua kebo ya bei gani. Lakini kisanduku hicho hicho hutoa DisplayPort ya kiwango cha 1.2, yenye bilioni 17.28 za picha baada ya makato, na hizo zatosha. Basi mashine ikiwa na tundu dogo la DisplayPort, au tundu la USB-C lililoruhusiwa kupitisha picha (si yote yaliyoruhusiwa), dawa ni kuhamisha skrini kutoka tundu moja hadi jingine. Gharama ni ya kebo moja. Tahadhari moja: vigeuzi vya bei nafuu vya kutoka USB-C kwenda HDMI mara nyingi ni vya kiwango cha zamani, navyo humrudisha mnunuzi kwenye 30 ile ile.

Kujua tundu limeunganishwa na nani si kazi ngumu. Katika Windows 10 na 11, fungua mipangilio ya skrini, kisha ile ya undani. Chini ya jina la kila skrini pameandikwa imeungana na kichakataji gani na inachorwa mara ngapi kwa sekunde. Ndugu walimu wangefanya vyema kuwaonyesha wanafunzi ukurasa huo kabla ya jambo jingine lolote.

Tundu likiwa la kichakataji kikubwa, kuna faida ya pili. Picha moja ya skrini yetu, ikihifadhiwa kwa baiti 4 kwa kila nukta, ni baiti milioni 33. Kuinakili mara 60 kwa sekunde ni karibu gigabaiti 2 za kuandika katika kumbukumbu ya kazi, na nyingine 2 za kusoma. Skrini ikiungana na kichakataji kikubwa moja kwa moja, safari hiyo yote hufutika. Ndiyo maana baadhi ya michezo huenda kasi zaidi kwenye skrini ya nje kuliko kwenye skrini ya mashine yenyewe, jambo linalowashangaza watu wengi.

Jaribio la kufanya darasani

Tuseme sasa njia ya kebo imepanuliwa, lakini mchezo au programu ya kuchora bado ni nzito. Ni kipi kilichochoka: kichakataji cha michoro, au kichakataji kikuu na kumbukumbu yake? Kuna jaribio lisilo na gharama. Endesha mchezo ukiwa na pikseli 1920 kwa 1080 na uandike idadi ya picha kwa sekunde. Kisha shusha hadi 1280 kwa 720 bila kubadili kitu kingine chochote, ukiwa mahali pale pale katika mchezo, na uandike tena. Nukta zimepungua mara 2.25. Idadi ya picha ikipanda sana, kichakataji cha michoro ndicho kilichokuwa kinazuia. Isipopanda, au ikipanda kidogo tu, kizuizi kipo upande wa kichakataji kikuu au kumbukumbu, kwa kuwa kazi yao haitegemei idadi ya nukta.

Jibu likiwa ni kichakataji cha michoro, habari si njema. Katika karibu kompyuta mpakato zote kimechomelewa kwenye ubao mkuu na hakibadilishwi. Framework Laptop 16, iliyoanza kufikishwa kwa wanunuzi mwaka 2024, ni mojawapo ya chache zilizojengwa kwa namna nyingine. Kisanduku cha nje chenye kadi ya michoro huhitaji tundu la Thunderbolt, na kebo yenyewe, katika toleo la tatu, huipa kadi biti bilioni 32 tu kwa sekunde, ambazo ni karibu robo ya ile njia ambayo kadi hupewa ndani ya kompyuta ya mezani. Kwa maoni yangu, mwenye GTX 1050 Ti asiinunulie skrini ya nukta milioni nane kwa ajili ya michezo. Mchezo uendao kwa picha 48 katika skrini ya kawaida utasogea kuelekea 12 katika hiyo mpya. Kwa maandishi, ramani na hesabu, skrini hiyo ni neema. Kwa michezo, skrini ya 1920 kwa 1080 itamtosha na fedha zitabaki.

Jibu likiwa upande wa kumbukumbu, mambo ni mepesi zaidi. Kumbukumbu ya aina ya DDR4-2400 hupitisha baiti 8 mara bilioni 2.4 kwa sekunde, yaani gigabaiti 19.2. Hiyo ni kwa njia moja. Kichakataji kikuu chetu kina njia mbili, lakini kipande kimoja cha kumbukumbu huifungua moja tu. Ukiongeza kipande cha pili kinacholingana na cha kwanza, gigabaiti 8 huwa 16, na njia huwa 38.4. Ndiyo sababu vipande viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, ingawa muuzaji ataviita sawa. Kabla ya kufungua mashine, chaja ichomolewe na waya wa betri utenganishwe na ubao, na mkono uguse chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme tuli uondoke.

Diski ya kisasa isiyo na sehemu zizungukazo hupunguza muda wa kungoja mchezo ufunguke. Haiongezi picha kwa sekunde.

Joto

Kichakataji kinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Sentigredi hujipunguzia kasi ili kisiungue. Joto linaloondolewa na feni hulingana, kwa makadirio, na tofauti kati ya chuma na hewa ya chumba. Katika chumba cha nyuzi 20 tofauti ni 75. Katika chumba cha nyuzi 32, ambacho ni cha kawaida Dar es Salaam au Mombasa, tofauti ni 63. Gawanya 63 kwa 75: tunapata 0.84. Mashine ile ile, kwa feni ile ile, imepoteza karibu sehemu 16 katika mia ya uwezo wake wa kupoa, na vumbi bado hatujalihesabu. Basi kusafisha mapezi ya kupozea na kuipaka upya dawa ya kupitisha joto iliyokauka ni uboreshaji halisi, tena wa bei ndogo. Anayetumia skrini ya nje hupenda kufunika mashine na kuisukuma ukutani; mashine nyingine huvuta hewa kupitia kibodi, kwa hiyo ni heri ibaki wazi na iinuliwe kidogo nyuma.

Kwa mazoezi, wanafunzi wakokotoe hitaji la skrini ya pikseli 2560 kwa 1440 inayochorwa mara 144 kwa sekunde, bila vipindi vya kimya, na waseme kama HDMI 1.4 itaitosheleza. Kisha watafute idadi kubwa kabisa ya michoro kwa sekunde ambayo skrini hiyo ingeweza kupewa na njia ya bilioni 8.16. Jibu la kwanza ni biti bilioni 12.74, la pili ni mara 92, ambazo kwa kweli zitapungua vipindi vya kimya vikihesabiwa.