Sinema za Karatasi za Wajapani

Wanafunzi wengi huniuliza kama katuni za sinema zaweza kutengenezwa bila mitambo mikubwa. Mimi husema ndiyo, na mashahidi wangu ni Wajapani.

Huko Japani, katika miaka ya 1920, seluloidi, yaani ile plastiki angavu ambayo Wamarekani walichorea katuni zao, ilikuwa ghali mno. Basi mafundi wakashika mkasi. Mtu wa karatasi alikatwa kichwa mbali, mikono mbali, miguu mbali, akalazwa chini ya kamera. Mkono ukasogezwa kidogo, picha ikapigwa. Ukasogezwa tena, ikapigwa tena. Sinema za wakati ule zilipita kwa kadiri ya picha 16 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: dakika moja ni picha 960! Nafuu yake ni kwamba humchori mtu upya kila mara. Taabu yake ni kumgeuza, kwani aliyekatwa akitazama upande hawezi kukuelekea mpaka umkatie kichwa kingine.

Fundi nimpendaye ni Noburo Ofuji (1900–1961). Yeye alitumia chiyogami, karatasi ya Kijapani yenye maua na mapambo, mfano wa vitenge vyetu. Kwa karatasi hiyo alitoa mwaka 1926 sinema ya wizi katika ngome ya Baghdad. Mwaka 1927 akatengeneza "Kujira", maana yake Nyangumi, kwa vivuli vitupu. Sisi wa Rumonge twaelewa upesi jambo hili. Usiku wavuvi wa ndagala wakiwasha taa ziwani, asimamaye mbele ya taa huwa mweusi. Uso wake huuoni, lakini kwa mkono tu wajua kwamba anavuta wavu. Mwaka 1952 Ofuji aliitengeneza upya kwa selofani za rangi, na mwaka 1953 ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa.

Kazi nyingi za mwanzo zimepotea, nyingine katika tetemeko la Tokyo la 1923. "Namakura Gatana" ya Junichi Kouchi, ya mwaka 1917, ilionekana tena sokoni kwenye vitu vya kale baada ya miaka kama 90.

Ng'ambo ya Ziwa, Jean-Michel Kibushi wa Kongo alisimulia kwa vipande vya kukata hadithi ya Watetela, ya Chura aliyekwenda ukweni, mwaka 1991.

Atakaye kujaribu, katoni za sabuni zapatikana sokoni, na simu yatosha kuwa kamera. Ifungeni imara ikitazama meza, wala taa msiiguse, la sivyo vivuli vitarukaruka.