Kuamini Si Kuthibitisha

Somo la toleo hili linawahusu wakazi wote wa mwambao wa Tanganyika, tangu Kabezi na Rumonge hadi Nyanza-Lac. Linahusu kifo cha ghafla, na jirani anayetajwa kuwa ndiye aliyeroga au kutia sumu.

Tunafahamu jinsi jambo hilo linavyokwenda. Mvuvi anarejea jioni akiwa mzima. Usiku anaharisha na kutapika. Kabla ya jua kuchomoza amefariki. Mmoja wa wafiwa anakumbuka ugomvi wa mpaka wa shamba la michikichi. Kufikia adhuhuri, watu 20 wanasema wana hakika.

Hakika iliyo moyoni humtosha mwenyewe. Ushahidi ni kile ambacho hata asiyeamini anaweza kukiona, kukipima na kukihoji. Watu 20 waliosikia habari kwa mtu mmoja si mashahidi 20; ni neno la mtu mmoja lililorudiwa. Naye huulizwa: uliona nini kwa macho yako, wapi, saa ngapi? Ugomvi wa zamani ni sababu ya kuuliza maswali, lakini hauthibitishi kwamba mtu ameua.

Tena yafaa kukumbuka kwamba kipindupindu si kigeni katika mwambao wetu. Januari 2023 mlipuko wake ulitangazwa nchini. Kisipotibiwa, chaweza kumuua mtu mwenye nguvu kwa muda wa saa chache, na dalili zake hudhaniwa kuwa sumu. Kipimo cha maabara huweza kukitambua. Minong'ono ya msibani haiwezi.

Basi, ushahidi kiasi gani unatosha? Hutegemea tendo linalokusudiwa, na hasara itakayopatikana iwapo tumekosea. Ukiyashuku maji, yachemshe leo bila kungoja kipimo. Ukikosea, umepoteza kuni tu. Kwa polisi, shaka yenye msingi inatosha kuanzisha uchunguzi. Kumtia mtu hatiani kunadai mengi zaidi: Katiba ya 2018 inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi hatia yake ithibitishwe kisheria mahakamani. Ama kumpiga mtu hadi kufa, hakuna awezaye kulirekebisha kosa hilo. Kwa hiyo hakuna imani, hata iwe thabiti namna gani, inayompa raia ruhusa ya kulitenda.

Hatuwaombi wasomaji waache wanayoyaamini, wala hatupuuzi uchungu wa wafiwa. Wana haki ya kupata jibu la kweli, nalo hupatikana kwa njia hizi:

1. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya mara moja. Akifariki, wahudumu wa afya waitwe kabla ya maiti kuoshwa.

2. Anayeshuku sumu asitupe mabaki ya chakula wala kuosha vyombo. Vifunikwe, visiguswe, polisi waarifiwe.

3. Jina la jirani likianza kutajwa, mkuu wa kilima na polisi wajulishwe siku hiyo hiyo, ili mtu huyo alindwe na tuhuma zichunguzwe.

Maswali ya kujadili katika nyumba kumi: Habari tunayoiamini, nani aliiona kwa macho yake? Ni jambo gani, likijulikana, lingetufanya tubadili mawazo? Na tukiwa tumekosea, nani atalipa?