Je, Mtungi Wako Unafika Qullatain?



Kwetu Mibirizi, wilayani Rusizi, mvua ikinyesha tunakinga maji ya paa, na mengine tunayatawadhia. Tuseme tone la damu limeonekana likidondokea kwenye mtungi wa maji hayo, lakini rangi, ladha na harufu yake ni vilevile. Je, udhu unafaa?

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, jibu linategemea wingi wa maji. Yakifika qullatain, yanabaki tohara madamu hayajabadilika. Yakipungua hapo, yamenajisika. Msingi wake ni hadithi ya Ibn Umar waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Mafakihi walikadiria qullatain kwa birika la mraba: dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina. Dhiraa tukiifanya sentimita 48, kila upande ni sentimita 60. Basi 60 × 60 × 60 ni sentimita za ujazo 216,000, yaani lita 216. Wapo wanaokadiria tofauti kidogo.

Hapa ndipo macho yanapodanganya. Mtungi wa mviringo wenye upana wa sentimita 60 unaonekana sawa na birika hilo, kumbe hauna pembe. Katika karne ya 9, Banu Musa, ndugu watatu wa Baghdad, walieleza kuwa ujazo wa tufe ni nusu kipenyo mara theluthi ya eneo la uso wake. Leo tunaandika:

Ujazo = 4/3 × 3.14 × r × r × r

Nusu kipenyo (r) ni 30, kwa hiyo tunapata 113,040, sawa na lita 113. Ni nusu ya birika na kidogo tu! Mtungi wa upana wa sentimita 75 (r = 37.5) unabeba karibu lita 221, nao umefika.

Kupima, zungusha uzi tumboni mwa mtungi, gawanya urefu wake kwa 3.14, kisha toa unene wa udongo wa pande zote mbili. Hicho ndicho kipenyo cha ndani. Mtungi ukiwa si tufe kamili, au haujajaa, hesabu jerikani unazomimina: 11 za lita 20 zinatosha.

Sala haisihi bila tohara, na tohara wakati mwingine inataka hesabu. Pima mtungi wa nyumbani leo, kabla tone halijaanguka.

Wallahu a'lam.