Fundi Anayelala Kwenye Kiti

"Mimi ni fundi seremala wa hapa Tanga, umri wangu miaka 58. Miezi minne iliyopita nilifunguliwa kifua Dar es Salaam nikapandikizwa mishipa mitatu ya moyo. Namshukuru Mungu, kidonda kimefunga vizuri. Kinachonisumbua ni maumivu. Upande wa kushoto panawaka kama pilipili, shati likinigusa tu nashtuka. Katikati panauma nikikohoa. Natumia diklofenaki, nanunua duka la dawa la mtaani, napata nafuu siku mbili yanarudi. Usiku nalala kwenye kiti sebuleni, redio naiacha inaongea, sitaki kumsumbua Mama Zuhura. Kliniki yangu ni mwisho wa mwezi ujao. Naomba kujua, kuna dawa gani kali zaidi ya hii?"

Barua yenyewe ina kurasa tatu, na karibu zote zinahusu kifua. Kiti kimetajwa mara moja tu, kwa haraka, kama mtu anayepita msibani bila kuingia. Safu hii inaanzia hapo hapo kwenye kiti.

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji, kiti kina sababu yake. Mfupa wa kidari umekatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, ukarudishwa na kufungwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Kulala chali na kuinuka tena ni mateso, na wagonjwa wengi hukimbilia kiti chenye egemeo. Lakini mfupa huo kwa kawaida huungana ndani ya wiki 6 hadi 12. Fundi yuko mwezi wa nne na bado analala amekaa. Kuna jambo linalomzuia kulala chali, na lazima alijue ni lipi kabla hajaulizia dawa kali.

Kama akilala chali pumzi inakata, anahisi kama anazama, na miguu inavimba jioni, huenda maji yanajaa mapafuni kwa sababu moyo haumudu kazi. Hilo ni la kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kama ni kichomi kinachozidi anapovuta pumzi na kupungua anapoinama mbele, pengine na homa juu yake, huenda utando unaozunguka moyo umepata uvimbe. Hali hiyo hutokea kwa baadhi ya wagonjwa wiki au hata miezi baada ya upasuaji, na ina tiba yake. Na kama anapojigeuza anasikia kidari kikilia "kwa, kwa" kama bawaba iliyolegea, mfupa haujashikana. Hili fundi hahitaji kufafanuliwa sana. Ubao uliopakwa gundi ukitolewa kwenye jiriwa kabla ya wakati wake, kiungo hucheza, na kupaka gundi nyingine juu hakusaidii. Mwili nao hivyo hivyo: aliyewahi kuinua magogo au kusukuma randa wiki za mwanzo anaweza kuwa aliuchezesha mfupa bila kujua. Amwambie daktari ukweli kuhusu siku aliyorudi karakana.

Huko kuwaka kama pilipili ni habari nyingine, na ndiko kunakotia watu hofu bure. Katika upasuaji wa namna hii, mara nyingi daktari huchukua mshipa wa damu unaopita kwa ndani ya ukuta wa kifua, hasa wa kushoto, akauunganisha na moyo. Jirani na mshipa huo zinapita neva ndogondogo za ngozi, na baadhi huvutwa, hukwaruzwa au hukatika. Matokeo yake ni ganzi, kuchomachoma na ngozi isiyovumilia hata shati. Moyo hauhusiki. Maumivu ya upasuaji yakizidi miezi mitatu, madaktari huyaita maumivu sugu, na yana dawa zake zinazotuliza neva, kama gabapentini au amitriptilini. Hizi si za kuombwa dirishani. Amitriptilini hasa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo daktari wa moyo ndiye mwenye neno. Wakati anasubiri, fulana laini ya pamba chini ya shati, na kulisugua kovu taratibu kwa kitambaa laini mara kadhaa kwa siku, huizoesha ngozi kuguswa tena.

Sasa diklofenaki. Hapa safu hii inagomba. Dawa hiyo na ndugu zake, ibuprofeni ikiwemo, huongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo hapaswi kuzitumia. Juu ya hapo, aliyepandikizwa mishipa kwa kawaida huwa anatumia aspirini kila siku ili damu isigande, na mchanganyiko huo unaweza kumtoboa tumbo akavuja damu kimya kimya. Fundi amepandikizwa mishipa mipya kwa gharama na machozi, halafu anaihatarisha kwa vidonge vya jero. Aviache leo. Parasetamoli inayotumiwa kwa saa, gramu moja kila baada ya saa sita na isizidi gramu nne kwa siku nzima, ndiyo wagonjwa wengi wa aina yake huanza nayo. Kama ana tatizo la ini au anatumia wafarini, aulize kwanza.

Basi, tuseme amepimwa, pumzi ni nzima, utando ni mzima, mfupa umeshika. Kiti kinabaki na maelezo mamoja, na redio ndiyo shahidi. Mwenye maumivu matupu hutafuta kimya apate usingizi. Anayeacha redio ikiongea mpaka alfajiri anataka sauti ya mtu karibu yake. Katika ukurasa wa pili, sehemu iliyopunguzwa hapa, fundi anaeleza mara mbili kwamba moyo wake "ulisimamishwa." Mara mbili, na hakuulizwa. Anaogopa kwamba akilala kama watu wanavyolala, utasimama tena.

Na aambiwe waziwazi: ulisimamishwa na madaktari kwa makusudi, kwa dawa, huku mashine ikisukuma damu badala yake. Mashine hiyo ilifanikiwa kwa mara ya kwanza Mei 1953, mikononi mwa daktari John Gibbon huko Philadelphia, kwa msichana wa miaka 18. Tangu hapo watu wasio na idadi wamesimamishwa mioyo na kuamshwa. Kusimamishwa huko hakuuachi moyo ukivizia usiku. Hofu yenyewe haina aibu. Wasiwasi na huzuni baada ya upasuaji wa moyo ni vya kawaida kabisa, na madaktari wanajua kwamba mtu asiyelala na mwenye hofu huyasikia maumivu makali zaidi.

Kisichokubalika ni ile "sitaki kumsumbua Mama Zuhura."

Kwani hajasumbuka? Mwanamke aliyelala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili kwa miezi minne, akisikia redio ya sebuleni ikisoma habari saa nane za usiku, amesumbuka kiasi gani tena? Huenda anadhani mumewe amemkimbia. Huenda anaogopa kumgusa, naye anahesabu pumzi zake kupitia mlangoni. Wapo watu wawili nyumba moja, kila mmoja yuko macho kwa ajili ya mwenzake, na hakuna anayesema.

Wanaume wengi watajibu kwamba walifundishwa jandoni kuwa mwanamume halii. Sawa. Lakini wakumbuke jando lote, wasichukue kipande. Kijana hakuuguza kidonda chake peke yake. Alikuwa na kungwi pembeni mchana na usiku, aliyekiangalia kidonda, aliyejua nani hajalala na nani ana homa. Maumivu yale hayakuwa siri ya mtu. Aliyefunguliwa kifua kizima akiwa na miaka 58 anastahili pungufu ya hapo? Safu hii inaamini kwamba ndoa inayogawana mikate na madeni lakini haigawani maumivu imeacha kazi yake kubwa. Fundi amwite mkewe leo jioni, azime redio, amwambie kwa maneno mepesi: "Naogopa kulala."

Kisha warudi chumbani pamoja. Aanze na mito mitatu, nusu kukaa nusu kulala, apunguze mmoja baada ya siku kadhaa. Kuinuka, ajiviringishe ubavuni kwanza, ashushe miguu, ndipo mwili ufuate, mikono ikikumbatia mto kifuani. Mto huo huo aubane anapokohoa. Na tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, Watanzania wengi wanafanyiwa upasuaji huu nyumbani bila kupelekwa India, kwa hiyo haiwi shida kumpata mwenye kovu kama lake wakaongea. Kutembea, kupunguza chumvi na kuacha sigara, hayo alishaambiwa.

Kifua kikibana anapopanda ngazi na kuachia akipumzika, au maumivu yakienda tayani au mkononi na jasho jembamba likimtoka, au kovu likitoa usaha, hospitali saa hiyo hiyo. Vinginevyo, kliniki ya mwisho wa mwezi ujao ni mbali mno. Aende wiki hii, abebe vidonge vyote kwenye mfuko mmoja pamoja na vile vya dukani, na Mama Zuhura aingie naye chumba cha daktari, kwa sababu ndiye atakayekumbuka kutaja kiti.