Dondoo muhimu: Maji ya kisima kwenye tangi la samaki
Kwa anayefuga samaki wa mapambo pwani, iwe Dar es Salaam au Mombasa, ni nafuu kuchagua samaki wanaoendana na kisima kuliko kuyalazimisha maji yawafuate samaki. Visima vingi vya huko hupita kwenye mwamba wa matumbawe, na chokaa yake huyafanya maji kuwa magumu na yenye pH ya juu. Samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo pH yake hukaribia 9, hustawi katika maji hayo. Neoni tetra wa Amazon hudhoofika. Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kiache.

Wapo wasemao kisima ni salama kwa kuwa hakina klorini. Ni kweli nusu tu. Maji ya chini ya ardhi mara nyingi huwa na oksijeni kidogo na hewa ya ukaa nyingi, kwa hiyo yaache kwenye ndoo saa 24, pampu ya hewa ikifanya kazi, ndipo upime pH. Nitrati itokayo vyoo vya shimo ni kero nyingine: kuchemsha hakuiondoi (huizidisha, maana maji hupungua, nitrati ikabaki). Ipime hasa baada ya masika. Ikiwa juu, changanya na maji ya mvua, kisha upime ugumu upya.