Mazabodi, Kurunzi na Sindano ya Kofia

Tangu nilipoiunda kompyuta yangu ya gemu kwa mikono yangu mwenyewe hapa Unguja, watu wasiopungua kumi wameniuliza, wengine barazani baada ya sala ya isha na wengine kwa ujumbe wa simu usiku wa manane, mazabodi ipi inunuliwe na ipi iachwe. Na kwa kuwa jawabu langu hurefuka kila ninapolitoa, nimeona afadhali niliandike mara moja, kila muulizaji apelekewe lile lile, nami nipate wasaa wa kucheza. Wako wataalamu waiitao ubao mama, na lugha yao naistahi. Walakini siku niliyolitamka jina hilo Kariakoo, kijana wa duka aliniuliza kwa adabu kama natafuta kibao cha kusukumia chapati, kwa hiyo humu nitasema mazabodi. Nimekusudia kutaja mambo saba kwa mpango, na kila moja nitalipa haki yake.

La kwanza ni kwamba mazabodi haitangulii kuchaguliwa. Hutangulia prosesa, kisha hutafutwa mazabodi yenye soketi iipokeayo prosesa hiyo, na hapo ndipo wengi hupotea, kwa maana Intel wana ada ya kubadili soketi kila baada ya vizazi viwili au vitatu: LGA 1200 ilikuwa ya kizazi cha 10 na cha 11, LGA 1700 ikawa ya kizazi cha 12, cha 13 na cha 14, na mwaka 2024 ikaja LGA 1851 isiyopatana na hizo zote. AMD kwa upande wao waliitunza AM4 tangu Ryzen za mwanzo zilipotoka mwaka 2017, na hata walipoleta AM5 mwaka 2022 hawakumtupa mkono ghafla aliyebaki na ile ya zamani. Kwa insafu hiyo nawasifu, ingawa mimi mwenyewe nilinunua Intel, kwa sababu isiyo na hekima yoyote: sahibu yangu alikuwa na Core i5-12400F iliyokaa sandukuni bila kazi, akaniachia kwa bei ya kindugu.

La pili ni RAM na chipseti, nami nitalipita mbio. Mazabodi za LGA 1700 ziko za DDR4 na ziko za DDR5, na pengo lililokatwa kwenye kadi za RAM hizo mbili haliko mahali pamoja, basi usidhani nguvu ya kidole gumba itazipatanisha. Ama chipseti, mazabodi za H610 aghalabu huwa na nafasi mbili tu za RAM. B660 na B760 zinawatosha wachezaji walio wengi. Z690 na Z790 ni za mwenye prosesa yenye herufi K atakaye kuisukuma kupita mwendo wake, na mwenye 12400F akiinunua amenunua jahazi la kuvukia mfereji. Kando ya soketi itazame sehemu inayoushusha umeme wa volti 12 hadi takriban volti moja inayotumiwa na prosesa: ikiwa imevikwa vipande vya chuma vya kupozea, vema, ikiwa uchi ilhali prosesa yako ni kubwa, iache. Zile zenye taa za rangi saba kama gari ya harusi sina la kuzisema, ila kwamba fedha ya taa ingeongeza kitu kwenye kadi ya grafiki, nayo ndiyo iubebayo mchezo.

La tatu ni hali ya soketi yenyewe, na hapa sharti niketi, maana hapa ndipo nilipoadhirika.

Nilivuka kwenda Kariakoo siku ya Jumamosi kwa boti ya asubuhi kutoka Malindi, nikiwa na shilingi 250,000 mfukoni na kofia kichwani, na kwa ajili ya kofia hiyo muuzaji aliniita shehe tangu nilipokanyaga kizingiti chake. Duka lenyewe lilikuwa upana wa mlango wake, limejaa mpaka darini, nami nilisimama nusu ndani nusu barabarani huku wachukuzi wakinipiga vikumbo. Akanitolea B660 ya DDR4, iliyotumika, isiyo na boksi, imeviringwa kwa ile nailoni yenye mapovu, akaapa kuwa imepitia Dubai na haijafanya kazi zaidi ya miezi miwili. Alianza na 260,000. Nikamshusha, akalalamika kwa ajili ya watoto wake, tukaafikiana kwa 220,000. Niliiona soketi iko wazi, haina kile kifuniko cheusi cha plastiki ambacho mazabodi mpya huja nacho, nikauliza kilipo. Akacheka, akaniambia, “Shehe wangu, hicho ni kama karatasi ya peremende. Ukishafungua unatupa.”

Nami nikaamini! Laiti ningalijua kuwa watengenezaji wenyewe huagiza kifuniko hicho kihifadhiwe, na kwamba anayerudisha mazabodi kwao hutakiwa airudishe imevikwa, ningaliielewa karatasi yake ya peremende. Mwenye kukitupa amekuwa akiiburuta mazabodi yake uchi, kutoka rafu hii hadi sanduku lile, na kila kilichoiangukia kimeangukia penyewe. Lakini siku ile nilifurahi kwa zile 30,000 zilizobaki, nikaipakata mazabodi botini njia nzima kama mtoto mchanga, mawimbi ya Chumbe yakitutikisa.

Kuunganisha hakukuwa na taabu, wala sitaeleza jinsi ya kukaza skrubu. Nilipowasha, feni zilizunguka, skrini ikabaki nyeusi, na katika zile taa ndogo nne za pembeni, ambazo huonesha kama kasoro iko kwenye prosesa, RAM, kadi au diski, ikawaka ya RAM na isizime. Nilikuwa na kadi mbili za RAM za GB 8. Nikatoa moja, nikaiacha nyingine kwenye nafasi ya A2: kompyuta ikaamka. Nikaihamishia B2: giza. Nikazibadilisha, ya kwanza ikawa ya pili: A2 uhai, B2 mauti. Nikaazima kadi ya tatu kwa mwalimu mwenzangu, hukumu ikawa ile ile. Nikafikiri labda feni ya prosesa nimeikaza upande mmoja kuliko mwingine, kwa maana mkazo usio sawa huweza kuifanya prosesa isiguse vema. Nikailegeza, nikaikaza upya kwa zamu, pembe kwa pembe. Ilikuwa bure.

Nikampigia muuzaji. Simu ya kwanza nilikuwa shehe. Ya pili nikawa ndugu yangu. Ya tatu nikawa “wewe bwana”. Hujja yake ilikuwa kwamba mali ilitoka dukani nzima, kwamba bahari ina chumvi, na kwamba huenda mimi sijui kuunganisha. La chumvi nalikubali kwa jumla, maana nimeona mazabodi za huku zilizoota ukijani kwenye matundu ya nyaya. Lakini mazabodi yangu ilikuwa imelala usiku mmoja tu kisiwani, na chumvi haifanyi kazi kwa haraka hiyo.

Kilichonifumbua macho ni umeme kukatika. Sisi tulioishi Unguja mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa gizani takriban miezi mitatu, hatupapatiki kwa kukatika kwa usiku mmoja; huweka simu mezani imewashwa kurunzi, maisha yakaendelea. Basi jioni ile nilikuwa nimekwisha ing'oa prosesa, nimeifuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, na nimeiinamia soketi kwa robo saa chini ya taa ya darini bila kuona ila bustani ya dhahabu iliyotulia. Umeme ukaenda. Simu nikailaza pale pale kando ya mazabodi, mwanga wake ukapita chini chini juu ya soketi kama jua la alfajiri juu ya shamba la mpunga, nami nikaona, karibu na kona, nukta moja inang'aa mahali pasipo pake.

Hili ndilo nililolipia kwa fedha na fedheha, kwa hiyo niwie radhi nikilirefusha. Prosesa ya LGA haina pini. Chini yake mna madoa bapa tu. Pini zimo kwenye mazabodi, na katika LGA 1700 ziko 1,700, kila moja ni kulabu nyembamba kuliko unywele wa mkia wa punda, imeinamisha kichwa. Ukizimulika kutoka juu, zote humeta pamoja na mgonjwa hujificha kati ya wazima. Zima taa, au ukiwa dukani kinga mwanga kwa mwili wako. Shika kurunzi ya simu iwe usawa wa ukingo wa soketi, si juu yake. Kisha tazama kutoka upande unaoelekea mwanga. Vichwa vya pini vitakuwa nukta, na nukta zitajipanga kama safu za sala ya Ijumaa. Itafute nukta iliyotoka safuni, au iliyorefuka ikawa mstari, au nafasi palipostahiki nukta pakawa peusi. Ukimaliza, geuza mazabodi robo, utazame tena, mpaka itimie mizunguko minne, kwa sababu pini iliyolala kuelekea kwako yaweza kuonekana imesimama. Kona na kingo zipe muda zaidi. Mimi huko ndiko nilikoziona nyingi. Kisha piga picha kwa umbali wa shubiri moja na nusu, uikuze kwenye skrini. Usiisogeze simu karibu, maana ikikuponyoka juu ya soketi umezilaza pini arubaini kwa kutafuta moja.

Kuyajua maradhi si kuyatibu. Mkono wangu, ulioandika ubaoni miaka kumi na minne, ulitetemeka kila nilipoukaribia ule uwanja. Nikamwendea shangazi yangu, ambaye hushona kofia za viua, na ambaye kwa miwani yake ya uzi mmoja na kibao cha mapajani huvizungushia uzi vitundu ambavyo mimi sivioni mpaka nioneshwe. Nilimwekea mazabodi barazani asubuhi, jua likiwa bado linaingia kwa ubavu. Akaitazama kitambo.

“Huyu kalala, wenziwe wamesimama,” akasema.

“Ndiye huyo, shangazi.”

“Kalalia upande gani? Usinambie. N'shamuona. Wewe kaa kule, usinitie kivuli.”

Akachagua sindano yake nyembamba kabisa, akaigusisha kwanza kwenye nondo ya dirisha nilipomwambia habari ya umeme wa mwilini, akaupitisha ubavu wa ncha, si ncha yenyewe, chini ya kulabu iliyolala, akainyanyua kidogo, akaacha. Akatazama safu ya jirani. Akanyanyua tena kidogo. Nilitaka kumhimiza, akaniambia kuwa uzi ukivutwa mara moja hukatika, na chuma ni vivyo hivyo, kikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi huvunjika, basi kila mguso uwe na sababu yake. Miguso ilikuwa mitano. Wa mwisho ulikuwa mdogo hata sikuuona, niliuona uso wake tu ukilegea. Nikamulika kwa kurunzi kutoka pande zote nne, nukta ikawa safuni.

Nikarudisha prosesa kwa kuishika ukingo, nikaishusha wima bila kuitelezesha, nikafunga. Kadi moja A2, nyingine B2. Taa ya RAM ikawaka sekunde kadhaa, moyo wangu nao ukasimama, kisha ikazima, na kwenye skrini ikaandikwa GB 16. Nilipiga ukelele uliowatoa majirani. Shangazi alipoitwa aje aone, aliuliza kama ni hayo tu, kisha akaitaka sindano yake. Akaipitisha ncha kwenye ukucha, akasema imeparuza, haifai tena kwa kofia, na ujira wake ukawa pakiti nzima kutoka Darajani, ya aina aliyoitaja yeye, pamoja na halua. Ile iliyoparuza nimeihifadhi mimi, imechomekwa kwenye mkunjo wa ndani wa kofia yangu.

La nne lilihusu ukubwa, ATX na ndugu zake wadogo, nalo ni la kupima kasha lako kwa futi kabla hujatoka nyumbani. La tano na mengine nimeyasahau, na pengine hayakuwa na uzito.

Miezi miwili baadaye sahibu yangu mwingine alinituma nimchagulie, nami kwa ukaidi nilikwenda duka lile lile, maana nilikuwa na neno la kumwambia yule muuzaji. Sikupata kulisema. Aliponiona na kofia yangu na simu mkononi, aliguna, akapekua rafuni kwa muda mrefu, akarudi na mazabodi tatu, zote zimefunguliwa soketi, akaziegemeza kwenye meza ya kioo mahali penye kivuli.

“Haya, shehe,” akasema, “zisome.”

Nikazisoma. Ya kwanza ilikuwa na pini mbili zimelala, ya pili ilikuwa na ukijani. Ya tatu ilikuwa safi, nayo ilikuwa na kifuniko chake. Akaitaka 270,000, na hakushuka hata shilingi.