Dondoo muhimu: Baiskeli ya kwanza isiwe na pedeli

Mtoto wa miaka 3 au 4 anayejifunza baiskeli ana kazi mbili: kukanyaga pedeli na kujizuia asianguke. Ngumu ni ya pili, na ndiyo magurudumu ya pembeni yanayomwondolea. Baiskeli yenye magurudumu hayo hailali kwenye kona, hivyo siku yakifunguliwa mtoto anaanza upya. Hapa mtaa wa Majengo, Goma, ushahidi unapita barabarani: chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, haina pedeli, lakini kijana huisukuma kwa mguu mmoja, akaiachia mteremkoni na kuipindisha kwa mwili mzima, imesheheni magunia ya makaa. Hata Karl Drais, Mjerumani aliyebuni babu wa baiskeli mwaka 1817, hakumwekea pedeli.

Wapo wanaosema magurudumu ya pembeni ni salama zaidi. Kwenye sakafu laini, sawa. Juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, kigurudumu kimoja kikipanda jiwe baiskeli nzima inainama, na mtoto hajazoea kutanguliza mguu. Wengine wanahofia gharama, lakini baiskeli ndogo ya kawaida inatosha: fungua pedeli kwa spana (ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume cha ya kulia), kisha shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini. Akiweza kuserereka miguu ikiwa juu bila kuyumba, mrudishie pedeli. Kofia ngumu avae tangu siku ya kwanza, na ajifunzie uani, mbali na pikipiki. Mtoto mwenye udhaifu wa miguu ndiye ningemwachia magurudumu ya pembeni bila kusita.